Ukoka wa Kando ya Seng'enge

Pale hotelini Makangale hapakuwa na ukoka uliokunywa maji kama ule wa kando ya seng'enge. Kwengine kote Haitham, mtunza bustani, alipita na mpira wa maji mbio mbio, kama anafukuzwa. Akifika kwenye seng'enge miguu inaganda, maji yanamwagika tu, mpaka Asma atokee na ndoo yake akielekea kisimani.

"Wee Haitham, ukoka huo utaota mapezi!"

"Uote. Nikuvulie kitoweo."

"Nenda kwa baba kwanza, ndo uvue." Akacheka, akapita zake.

Kisha Bi Khairat, msimamizi wa hoteli, akaleta kidude. Kikatundikwa ukutani. Kazi yake kusoma hali ya hewa: jua likiwaka kinafungua maji, mvua ikinyesha kinafunga, binadamu haulizwi. Haitham akapokonywa mpira, akapewa mkasi wa kukatia michongoma upande wa pili, huko anakoonana na kunguru tu.

Pampu inayolisha hoteli na kijiji ni moja. Basi haukupita muda, mifereji ya kijijini iliyokuwa mikavu ikaanza kutoa maji. Wanawake wakamshukuru Mungu. Asma akaachana na kisima, na seng'enge ikabaki seng'enge. Haitham kila akisikia ndoo ikilia, huchungulia. Kumbe mpishi anaosha samaki.

Siku moja Bi Khairat akamfuata kwenye michongoma.

"Haitham, hebu nambie kweli. Mwenye hoteli anasema maji tunayotumia yamepungua kwa sababu ya hizi mvua za mchoo, si kwa kidude. Anataka king'olewe, turudie mpira. Wasemaje?"

Basi hapo! Neno moja tu, "mvua", na mpira ungerudi mkononi, mifereji ya kijijini ingekauka, Asma angepita. Likamfika ncha ya ulimi. Akamkumbuka Asma anavyorudi kutoka kisimani, shingo imekakamaa chini ya ndoo, hata pumzi ya kumtania hana. Utani wote ulikuwa wa kwendea. Wa kurudia haukuwepo.

"Kinaokoa maji," akasema. "Hata mvua ilipokatika hakikumwaga ovyo. Kiacheni."

"Kinaokoa, ama wewe ndo ulikuwa huna haraka?"

Haitham akakata tawi lisilo na kosa.

Alipotoka kazini hakwenda kwao. Akashika njia ya kina Asma, mikono mitupu, hajui aiweke wapi bila mpira. Nyuma ya ua wa makuti akasikia maji yakijaza ndoo.

"Hodi!"

"Karibu. Nani?" Sauti nzito ya Mzee Silima, baba yake Asma.

"Mie Haitham. Yule wa ukoka."

"Ukoka? Hapa kwangu mchanga mtupu, kijana. Umefuata nini?"

Ndani ya ua, mfereji ukafungwa ghafla, kama kuna mtu naye anangoja kusikia.