Mgonjwa Aliyeridhika na Huduma

Jamani, kile kikundi chetu cha kutunza wagonjwa mtaani kilikuwa na raha yake kabla ofisi ya afya haijakipenda. Mtu akizidiwa, akina mama walikwenda kumwogesha na kumgeuza kitandani, basi. Halafu ofisi ikaleta dawa za maumivu, na pamoja na dawa, masharti: idadi ya wagonjwa isipande wala isishuke mpaka mwaka wa bajeti uishe.

Kikongwe wa nyumba ya kona alipofariki, mwenyekiti wa kikundi akakuna kichwa.

"Tukisema amekufa, tutaonekana tumeshindwa kazi, watatunyang'anya dawa. Fundi, wewe endelea kumtembelea tu."

Fundi cherehani, mwanamama aliyekuwa akimhudumia bibi huyo, akacheka mpaka akashika mbavu. Lakini alikwenda, maana simu aliyopewa na ofisi ilitaka kurekodi sauti yake akipiga hodi mlangoni kwa mgonjwa kila wiki. Akawa anapiga hodi kwenye nyumba tupu, huku anajionea haya. Siku moja akaitikiwa: "Karibu." Alitimua mbio bila kuangalia nyuma.

Angeacha kabisa, ila dada yake naye akaanguka kitandani, maumivu hayampi nafuu hata ya kumeza uji. Fundi akaenda ofisini kumwombea dawa.

"Nafasi zimejaa," karani alisema.

"Yule bibi wa kona ni marehemu! Mpeni dada nafasi yake."

Karani akatazama kompyuta, akaguna. "Mama, usimzulie mtu kifo. Jana tulimpigia kumuuliza kuhusu huduma. Ameridhika kabisa. Anasema yule fundi cherehani ana moyo mwema."

Fundi akaikumbuka ile sauti ya mlangoni. Hata hivyo uchungu wa dada ulishinda woga. Alikwenda moja kwa moja nyumba ya kona, mchana kweupe, akapiga magoti mlangoni.

"Bibi, nakuomba, ondoka. Dada yangu anateseka."

"Nilishaondoka, mwanangu," sauti ilisema kwa upole. "Ni nyinyi mnaoniita. Huyo dada usimhangaishe na foleni. Huku hakujajaa."

Fundi alikimbia nyumbani akilia. Akamkuta dada ameketi kitandani, uso umetulia kama hajawahi kuugua.

"Mgeni wako yuko hapa," dada alisema. "Bibi mwenye adabu. Nimemkaribisha."

Chumbani hakukuwa na mtu mwingine. Fundi akamkumbatia kwa nguvu zote, akipiga kelele majirani waje.

Dada akampapasa mgongo. "Usilie, mdogo wangu. Anasema nafasi imepatikana. Ananingoja nivae viatu tu."