Picha ya Kichwa cha Kapteni

Mbwa wa Barnaba Andati alipoanza kuzunguka mahali pamoja na kugonga kichwa ukutani, Andati hakuniita mimi kwanza. Alimwita bawabu wake, mzee Makhanu, akamzaba makofi mbele ya madereva wote, kisha akampeleka polisi. Kosa: amemlisha mbwa sumu.

Mimi, Dinah Awinja, daktari wa mifugo, niliitwa kesho yake. Ilikuwa miaka ile ya neema ya sukari, matrekta ya Andati yakivuta miwa ya Matete bila kupoa. Ua wake ulinuka molasi iliyochacha. Kapteni, jibwa la kizungu, alikuwa amelala kwenye matapishi yake, nzi wamemjaa machoni. Watu walikuwa wakimruka tu.

"Ni sumu," Andati aliniambia. "Andika tupeleke kortini."

Nilimsafisha mbwa mdomo, nikammulika macho. Mboni moja ilikuwa kubwa kuliko ya pili. Nikamuuliza Pascalia, mpishi, mambo haya yameanza lini.

"Tangu kabla ya Pasaka, daktari. Alikuwa anaangukanga hapa jikoni, anatetemeka, povu linatoka. Bosi tulimwambia. Akasema mbwa anadeka."

Pasaka ilikuwa imepita miezi mitatu.

Nilimweleza Andati kwamba ugonjwa huenda uko ndani ya ubongo, na mashine ya skani peke yake ndiyo ingeweza kutuonyesha. Nilitazamia akatae. Kumbe alifurahi.

"Vizuri! Picha haibishani na mtu. Hakimu ataona sumu kwa macho yake."

Tulikwenda Eldoret Jumapili, kwenye hospitali ya watu iliyokubali kutupokea siku isiyo na wagonjwa. Jelagat, fundi wa mashine, alifunika kitanda kwa nailoni. Nilimdunga Kapteni dawa ya usingizi, tukampiga picha. Kisha nikamtia mshipani dawa ya kung'arisha picha, tukarudia.

Ubongo ulitokea kwenye kioo kipande kwa kipande. Upande wa kushoto kulikuwa na donge jeupe kama kokwa la zambarau, nalo lilikuwa limeusukuma mstari wa katikati mpaka ukapinda.

"Fuvu ni zima, hakupigwa," Jelagat alisema.

"Na uvimbe kama huu hauoti kwa wiki moja," nikajibu.

Andati alikuwa nje akila ingokho iliyokaangwa. Alichukua picha bila kunawa, akaielekeza kwenye jua, mafuta ya kuku yakitiririka juu yake. Nilimweleza kila kitu. Akafyonza mfupa.

"Nani mwingine ameona?"

"Mimi na Jelagat."

"Basi andika sumu."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mzee Makhanu yuko ndani siku ya nne, bwana Andati. Hana kosa."

"Nilisema mbele ya watu wangu. Unataka nile matapishi yangu?" Akacheka, akanigusa begani kwa mkono uleule. "Huyo mzee atazoea. Na mbwa mwache hukohuko, nitanunua mwingine."

Nilijitoa mkononi mwake, nikaichukua picha, nikampakia Kapteni kwenye gari langu, akiwa bado usingizini.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kituoni. Inspekta aliinua picha kwenye taa, akanisikiliza, akasoma ripoti yangu mara mbili. Makhanu alitoka kabla ya saa sita, shavu limevimba, miguu mitupu.

"Mbwa amekula?" ndilo swali lake la kwanza. "Sisi tunakulanga obusuma, ugali wa sufuria moja. Ningempaje sumu?"

Nikamwambia ukweli: uvimbe hautapona, vidonge vitampunguzia tu maumivu. Akaniomba nimpe mbwa. Kapteni akaishi wiki saba nyumbani kwa Makhanu, Khwisero, akilishwa kwa mkono na kupanguswa mdomo. Aliposhindwa kusimama, Makhanu mwenyewe aliniita. Alimshika kichwa nilipomdunga sindano ya mwisho.

Mwezi uliofuata nilikutana na Andati nje ya kanisa, katika suti mpya, watu wakimzunguka.

"Daktari wangu! Bado tumekasirika?" akasema, akininyooshea mkono.

Niliutazama ule mkono. Wote wakatugeukia. Nikampita, nikaingia kanisani.