Maji Yataenda Wapi

...na ndoo hii nayo utadhani imeapa kutojaa, mlima mzima umelowa, mvua imenyesha tangu kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, redioni wanaiita El Nino na sisi tunaiita balaa, halafu bomba letu la chemchemi ndiyo kwanza linatoa maji membamba kama uzi, mama kainama anasugua karoti kwenye beseni, ananyoosha mkono bila kunitazama, maana yake lete maji, nami nasema subiri mama, haijajaa, na kweli haijajaa, lori la Kariakoo linafika barabarani adhuhuri na halimngoji mtu, tangu biashara iwe huria wanunuzi wanapanda wenyewe mpaka huku milimani na kushuka wenyewe, karoti yenye tope hawaigusi, na mimi kesho ni abiria, ndivyo wanavyojua wote, Mwanaisha kesho anarudi chuo cha kilimo, begi limefungwa, mama kaninunulia koti zito la mitumba, Mama Sharifa wa nyumba ya chini kaniletea ndizi za njiani, na hakuna aliyeniuliza kama nataka kurudi, na nani aniulize, aliyefaulu huulizwa swali hilo?

Sikufaulu. Haya, nimesema, kimoyomoyo lakini nimesema, somo la hifadhi ya udongo nilikamata sapu, nikarudia mtihani, nikaanguka tena palepale, Madam anayetufundisha somo hilo akaniita ofisini, mpole yule mama, angenigombeza ningepumua, akasema Mwanaisha wewe unakariri, huelewi, nakupa nafasi ya mwisho mkifungua, ukianguka unadisko, unaondoka chuo, kafikirie nyumbani kama chuo hiki ni chako. Nimefikiria. Likizo nzima nimefikiria, kwenye bamia, kwenye kuni, kwenye tarawehe nikiwa nyuma ya mama, na nimeshaamua, kesho napanda basi vizuri na machozi ya kuagana, nikifika Mombo sipandi la chuoni, nageuza kwa shangazi kule Magoma, ana duka, kila siku analia hana mtu wa kukaa dukani, nitapima sukari na mafuta ya taa, siku watakayojua hapa nyumbani nitakuwa mbali na macho ya tate, baba yangu, maana macho ya tate ndiyo siyawezi, mengine yote nayaweza... mama anasema kitu, nini mama, anasema baba yako leo kafurahi, alipotoka kuswali alfajiri alipanda kuutazama mtaro wako, anasema jana ulikuwa umejaa pomoni na leo maji hamna, umeyanywa yote, binti yangu fundi, kasema hivyo, kisha akaingia kulala. Ulikuwa umejaa na leo maji hamna. Naitikia, enhe, mama, naitikia kwa sauti ya mtu aliyesifiwa.

Mtaro wangu. Niliponyoosha kidole siku ile mbona kidole hakikukatika, nilikuwa nimefika juzi tu, maji ya mvua yanapita uani na kuingia jikoni, tate akasema zamani tungemwita bwana shamba Nikodemo, lakini Nikodemo serikali imempunguza kazini na wenzake, sasa anauza viatu vya mitumba sokoni Lushoto, anapiga kelele bei zake kwa sauti ileile aliyofundishia wakulima, basi tate akacheka, akasema tabu ya nini, bwana shamba si tunaye humu ndani. Ningesema sijui. Neno fupi hilo. Lakini kaka yangu Abdallah aliachishwa shule akakamata jembe ili mimi nisome, na alikuwa amesimama pale pale na jembe lake, anangoja kuambiwa achimbe wapi, sasa mtu unasemaje sijui mbele ya Abdallah? Nikapanda mpaka juu ya nyumba, nikajishika kiuno kama Madam, nikasema chimbeni hapa, uende sawasawa na ubavu wa mlima, usiinamie upande wowote, mzibe ncha zote mbili ili maji yatulie humo yazame taratibu, nikayasema yote bila kukosea hata neno, maana nilikuwa nimekariri. Tate akaitisha ngemo, majirani wote wakaja kusaidiana kama tunavyosaidiana kulima, majembe, nyimbo, mama na wenzake wakipika makande chini, Mama Sharifa mjane wa watu akatoa wanawe wote wawili kwa sababu kilicho juu yetu kiko juu yake pia, na kila aliyeuliza kwa nini tunaziba ncha alijibiwa binti wa chuo kasema, basi, hapo mjadala umekwisha, jua lilipozama mtaro umekwisha, na mimi nilikula makande nikashiba. Nikashiba!

Na swali lenyewe la mtihani lilikuwa hilo hilo. Mteremko mkali, udongo mzito, mvua nyingi, utachimba mtaro wa namna gani na kwa nini, nilijaza ukurasa mzima, mtaro wa kuzuia maji, ncha zimezibwa, nikachora na picha, Madam akapitisha kalamu nyekundu juu ya picha yangu na kuandika maneno matatu tu, maji yataenda wapi, niliyatazama maneno yale nikamchukia, nikasema moyoni maji yatazama bibi wee, si nimeandika yatazama, na mara ya pili nikaandika vilevile, kwa mwandiko mzuri zaidi... Ndoo. Maji ya ndoo yana rangi. Nimeinamisha ndoo kidogo kwenye mwanga, si uchafu wa ndoo, niliisugua mwenyewe, ni wekundu, udongo mwekundu unatoka na maji ya chemchemi, chemchemi hii ambayo mama anasema haijawahi kuchafuka tangu aolewe hapa. Umeyanywa yote, kasema tate. Mtaro hauna tumbo, umeyapeleka wapi? Mlango wa chumba chao haufungiki tangu juzi, tate akasema mbao zimevimba kwa unyevu, akaupiga randa kidogo, bado haufungiki. Ukuta wa nyuma unatoka jasho. Mgomba ule nyuma ya choo ulikuwa wima nilipofika, naukumbuka, nilianika kanga yangu pale, leo umeinamia nyumba, na hakuna upepo, siku zote hizi ni mvua na ukungu tu, hakuna upepo. Ee Mola wangu. Yameingia mlimani. Mvua yote hii tumeikusanya kwa mikono yetu na kuiingiza ndani ya mlima, mlima umekuwa mzito na umelainika, utaporomoka, nao umekaa nyuma ya ukuta wa chumba alimolala tate, na chini yetu kuna Mama Sharifa. Mtaro ulitakiwa uwe wazi upande mmoja, uiname kidogo kuelekea korongoni, uyatoe, uyatoe yaende zake! Nimeelewa. Madam, nimeelewa, leo, mbele ya ndoo.

Sasa nisemeje. Nikisema mtaro ni mbaya tate atacheka, atasema mwanangu acha wasiwasi, si umefanya kazi, na atageukia ukutani alale, anayajua maneno yangu ya siku ile kwa moyo, anawahadithia watu msikitini. Nikisema nilifeli, ndiyo atanisikia, lakini hapo tena nani atamfuata aliyefeli aende kwenye mvua na jembe akafumue kazi ya kitongoji kizima? Abdallah atanitazama. Acha anitazame. Magoma, sukari, mafuta ya taa, nilifikiri nakimbia macho ya watu, kumbe ningekuwa nimekaa dukani kwa shangazi siku wanakuja kunipa habari, na wangenipa pole, wangeniambia ni kudra, na wasingejua kamwe, ningejua mimi peke yangu. Siendi Magoma. Kama Mola ametuachia siku ya leo, nitarudi kwa Madam nimjibu swali lake, akinidisko anidisko nikiwa nimelijibu. Lakini kwanza huyu aliyelala.

"Mama, kamwamshe baba atoke chumbani."

Anasema muache, kafunga, kachoka, lete maji wewe, na mkono ameunyoosha palepale, vidole vina tope la karoti.

"Mtaro nimekosea, mama. Chuoni nimefeli, na nilifelia hapo hapo."

Hajanielewa, au amenielewa, sijui, ameinua uso kunitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kisha ametazama ndoo, kisha kule juu kwenye ukungu, mkono bado kaunyoosha, na bomba linatiririsha uzi wake mwekundu, na ndoo haijajaa.