Mshelisheli wa Mpakani

Huku kisiwani Pohnpei mtu atakuuliza habari za mkeo, za tumbo lako, hata jipu lako limekaa wapi, lakini viazi vikuu vyako hathubutu kuvitaja. Akipita shambani kwako hutazama vidole vyake vya miguu. Kiazi huonekana siku ya karamu ya chifu, basi, na hapo ndipo watu wanapojua wewe ni mwanamume wa namna gani.

Mimi Kasiano, mwaka juzi nilipeleka kiazi nilichokibeba kwa mkono mmoja. Hakuna aliyecheka. Walisema kwa adabu, "Bila shaka kile kikubwa umekibakiza nyumbani," na adabu ile iliniuma kuliko tusi. Safari hii nilikuwa nimeahidiwa cheo alichokuwa nacho marehemu baba yangu. Bila kiazi cha maana, cheo kingekwenda kwa mwingine. Nikapanda mbegu yangu chini ya mshelisheli ulio mpakani na shamba la shemeji yangu Lukner, kaka wa mke wangu.

Kiazi changu ni cha aina yenye pupa. Mvua za kwanza tu, mmea ukauparamia mti hadi kileleni, majani mapana na laini. Nikawa napiga mluzi. Kisha nikaona mmea mwingine, mwembamba, majani magumu, unapanda taratibu kivulini upande wa pili. Wa Lukner.

"Si umwambie auondoe?" mke wangu Kerlihna akasema.

"Nimwambie nini? Mimi sijaona kitu."

"Ndiyo umekonda hivyo, kwa kitu usichokiona?"

Jioni moja Lukner alikuja tukanywa sakau, kile kinywaji chetu cha mizizi. Macho yake yalikuwa mawinguni.

"Shemeji, mshelisheli wako umenenepa mwaka huu."

"Upepo tu huo, shemeji."

"Aa. Upepo wenye majani."

Miezi ikapita, majani yangu yakaanza kugeuka manjano huku yale magumu yakizidi kung'aa. Nililia, sioni haya kusema. Niliona cheo cha baba kinanyongwa mbele ya macho yangu. Mchana mmoja, nikidhani Lukner amelala, nikachukua panga nikaenda mpakani. Nikamkuta amesimama pale na panga lake.

"Unafanya nini, shemeji?"

"Nafyeka majani. Na wewe?"

"Majani."

Hapakuwa na hata jani moja la kufyeka. Tukabaki tunakata hewa, mpaka Kerlihna akatokea na kikapu chake.

"Haya, mashujaa. Mnamwua nani leo?"

"Wake umenifunika tangu mvua zianze!" Lukner akalipuka. "Wangu haujaona jua miezi mitano!"

"Na wako sasa unaninyonga!"

Kila mmoja alikuwa ametaja kiazi cha mwenzake, waziwazi, mbele ya mwanamke. Lukner akajifunika uso kwa kofia.

"Nyinyi hamtazami, ndiyo maana hamjui kitu," Kerlihna akasema. "Mimi nimetazama. Cha Kasiano kina haraka, kimekula jua mapema, kimeshiba, sasa kinalala. Majani laini hayadumu. Cha kaka kimejikaza kivulini, na majani yake hata viwavi wameshindwa kuyatafuna. Jua la sasa ni lake. Hakuna aliyenyongwa hapa. Baba watoto, chimba kabla hakijaoza."

Nikachimba. Kiazi kikazidi kushuka na mimi nikazidi kushuka nacho, mpaka shimo likanifika kifuani. Pembeni vidole vyangu vikagusa kitu kingine, kinene kama paja langu tayari, na bado kilikuwa na miezi mitatu ya kukua. Nikageuza uso, nikakifukia kwa kupapasa.

Siku ya karamu kiazi changu kilibebwa na wanaume sita kwa mti mabegani, Lukner akiwa mbele. Chifu akaniita kwa cheo cha baba. Nikaitika.

Lukner alitua mzigo, akajifuta jasho, akaniinamia sikioni.

"Bila shaka kile kikubwa umekibakiza nyumbani, shemeji."

"Kipo," nikamjibu. "Ila si changu, na mimi sijakiona."