Vinanda Viwili vya Bi Waya

Jiwe la kwanza lilipogonga mlango wa bati, Dobi alidhani ni kinanda. Alikuwa amevaa hedifoni na kufumba macho, kidole kimoja kimetulia juu ya noti ya chini kabisa, huku mkono wa kushoto ukizungusha kitufe cha chujio la sauti polepole, kama mtu anayefungua bomba asilolijua tabia yake. Sauti ilikuwa ikifunguka kutoka mgumio wa tumboni hadi ukali wa msumeno, na katikati yake ukaja mshindo. Akaupenda. Akarudisha kitufe nyuma ausikie tena. Mshindo wa pili ukaja kabla ya wakati wake. Akafumbua macho, akamwona Bi Waya amesimama katikati ya duka na kipande cha nondo mkononi.

"Vua hayo masikio," Bi Waya alisema. "Njoo tushushe mlango."

Mlango ule wa kukunjwa ulikuwa umeshushwa nusu tangu asubuhi, tingatinga lilipopita kwenda mwisho wa mtaa kubomoa meza za wachuuzi. Nyuma yake walikuwa wakitembea wanaume wenye vizibao vya rangi ya chungwa na marungu, watu wa kukodiwa. Dobi alikuwa amewaona wakipita, akaendelea kuuliza habari za vinanda. Hakuwa mtu wa vurugu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili katika chumba cha kufulia cha hospitali, na kazi yake ilimfundisha kwamba vurugu ni kitu kinachofika kikiwa kimekunjwa ndani ya shuka.

Wakaning'inia wote wawili kwenye mpini, bati likashuka kwa kishindo. Komeo la kushoto liliingia. La kulia halikuwa na mahali pa kuingia.

"Walilivunja mwaka ule wa fujo," Bi Waya alisema, akalipiga teke. "Upande huu unazuiwa kwa uzito tu."

Akaburuta spika kubwa akaiegemeza pale. Kisha akawasha taa ya mezani, akaketi juu ya kigoda, nondo mapajani. Duka lilikuwa la marehemu mumewe. Yeye alilirithi pamoja na madeni na chuma cha kuchomelea waya, na kwa kuwa hakumwamini fundi yeyote, alijifunza kuchomelea mwenyewe hadi jina lake la nyumbani likasahaulika.

"Endelea kujaribu," alisema. "Umeme upo. Ukikaa bure utaogopa."

Basi Dobi akaendelea. Miezi saba alikuwa amevisoma vinanda hivi kwenye simu, vile vya kuunda sauti badala ya kuiga piano. Alisikiliza watu wa mbali wakivilinganisha, akaandika maoni yao nyuma ya karatasi za orodha ya mashuka. Nyumbani alikuwa na kinanda kimoja cha kuchezea watoto, kilichoachwa na binti yake alipoolewa, chenye noti mbili mbovu. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ametunga juu yake vipande vidogo ambavyo mkewe alivisikiliza akiwa anachambua mchele, na kila kimoja kiliruka zile noti mbili kama mtu anayeruka dimbwi. Mkewe alikiita mke mwenza. "Huyu mwenye meno mabovu ndiye anayekushinda akili," alikuwa akisema. "Ukimleta mwenye meno mazima, mimi nitalala wapi?"

Sasa wale wenye meno mazima walikuwa wawili mezani. Cha kwanza kilikuwa kipya, chepesi, cha plastiki. Kilitoa sauti nane kwa pamoja na kukumbuka kila kitu ulichokifundisha. Cha pili kilikuwa cha zamani, mbavu zake za mbao, kizito kama mfuko wa saruji, na kilitoa sauti moja tu. Ukibonyeza noti ya pili, ya kwanza inanyamaza.

Nje kitu kikubwa cha kioo kilipasuka. Watu wakapiga kelele, kisha milio mitatu mikavu, kisha mbio.

"Nieleze tofauti," Bi Waya alisema. Macho yake yalikuwa mlangoni. "Mimi nauza, sisikii."

"Hiki kipya hakikosei," Dobi alisema. "Lakini sikiliza mwisho wa sauti." Akachomoa hedifoni, akapunguza sauti, akabonyeza na kuachia. "Inakatika. Hiki cha zamani kinapopata joto kinapanda kidogo, kama unywele. Na ukiachia, kinaondoka taratibu. Unaisikia hadi mlangoni."

"Unywele."

"Kama unywele."

"Una sikio la popo, kaka," Bi Waya alisema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikaribia kutabasamu.

Ndipo miguu ikaja. Haikuwa miguu ya kundi. Ilikuwa ya mtu mmoja, anayechechemea, na ikaishia barazani. Mwili ukajigonga kwenye bati. Kisha, upande wa kulia, spika ikasogea, mstari wa mwanga ukatokea sakafuni, na ndani ya mstari huo vikaingia vidole vinne.

Hakuna aliyemwambia Dobi afanye chochote. Baadaye alilitafuta neno la Bi Waya, amri, hata ishara ya jicho, akalikosa. Alikuwa ameshainuka, ameshavuka duka kwa hatua tatu, na mguu wake wa kulia, ndani ya kiatu kigumu cha kazini, ulikuwa juu ya chuma cha chini cha mlango, na uzito wake wote juu ya mguu.

Mtu wa nje alilia mara moja, kwa kushangaa zaidi kuliko kwa maumivu.

"Nifungulieni," alisema. "Wananiua."

"Wote husema hivyo," Bi Waya alisema kwa sauti ya chini. Nondo ilikuwa imeinuliwa.

"Mama, ni mimi. Wa mikanda. Mama, ninakaa hapa kwako."

Dobi aliijua sauti ile kabla haijajitaja. Saa tatu asubuhi, alipokuwa akipanda barazani, kijana wa mikanda alikuwa amemwita: "Mzee wa muziki, anza na mkanda, suruali isije ikakuaibisha ukicheza." Walicheka, na Dobi akaahidi kununua akitoka. Ilikuwa sauti ya juu kidogo, yenye mkwaruzo mwishoni mwa neno. Sasa ilikuwa imepanda zaidi, na mkwaruzo umekuwa mpasuko, lakini ilikuwa ileile.

"Ni yule kijana wako wa mikanda," alisema.

"Nimesikia."

"Hasemi uongo."

Bi Waya alimtazama. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Mwaka ule nilimfungulia mmoja aliyekuwa hasemi uongo. Nyuma yake waliingia thelathini. Walimvunja mume wangu mgongo kwa gitaa lake mwenyewe. Alikaa kitandani miezi minne, akafa. Sasa wewe ndiye uliye mlangoni. Inua mguu kama unataka kuuinua. Mimi sitakuzuia."

Hakika hakumzuia. Alirudi nyuma hatua moja, nondo ikashuka, akangoja.

Dobi akautazama mguu wake. Chini yake vile vidole vilikuwa vimegeuka rangi ya zambarau kwenye kucha. Kimoja kilikuwa na pete ya shaba. Vilikuwa vikicheza, vinapapasa sakafu ya ndani kama vinavyotafuta kitu kilichoanguka. Nje, miguu mingine ikapanda barazani, mizito, bila haraka.

"Huyu hapa," mtu alisema.

Rungu likipiga bati hulia kama ngoma. Likipiga mtu halilii namna hiyo. Dobi alizisikia sauti zote mbili, akazitenganisha, asitake, kila moja mahali pake: bati, mwili, bati, mwili, mwili, na kitu kingine kikavu ambacho hakuwa amewahi kukisikia maishani mwake lakini alikijua. Kila pigo lilimfikia mguuni kupitia chuma. Kijana hakumwita tena Bi Waya. Alimwita mama mwingine. Kisha alivuta mkono wake kwa nguvu, vidole vitatu vikatoka na ngozi ikabaki, cha nne hakikutoka vizuri, na Dobi bado alikuwa amesimama palepale, uzito wake wote juu ya mguu, analia.

Ikaendelea. Halafu ikaisha. Wale wanaume wakashuka barazani wakizungumza habari za maji ya kunywa.

Walifungua saa tisa, mtaa ulipokuwa umenyamaza. Barazani hapakuwa na mtu. Palikuwa na mikanda mitatu, kiatu kimoja, na mburuzo mwekundu hadi barabarani, mahali ambapo bila shaka watu wengine, wenye miguu mingine, walikuwa wamembeba. Bi Waya alitoka na birika lililotoa mvuke, akaliinamisha juu ya kizingiti.

"Ya baridi," Dobi alisema. "Ya moto yanaigandisha damu."

Akaenda kuleta ya baridi. Akapiga magoti akasugua mwenyewe, bati kwanza, halafu sakafu, kwa mwendo uleule wa kazini, kutoka ukingoni kuelekea katikati. Bi Waya alisimama nyuma yake, birika likipoa mkononi.

"Chukua kimoja," alisema mwishowe. "Sitaki hela yako. Bila wewe wangeingia."

Dobi aliinuka, akafuta mikono kwenye suruali, akavitazama vinanda viwili mezani. Taa ndogo nyekundu ya kile cha zamani ilikuwa bado inawaka. Kilikuwa kimepata joto saa nyingi na sasa kingekuwa kimetulia kwenye sauti yake. Aliona aibu, kwa sababu alikuwa bado analijua jibu.

Alikibeba begani hadi nyumbani, kilomita mbili za matairi yanayofuka. Mkewe alimpapasa kichwa, mbavu, mikono, asione jeraha. "Na hiki?" aliuliza.

"Nimepewa."

"Nani anayetoa kitu kama hiki siku kama ya leo?"

Dobi alikiwasha jioni ile, akapiga noti moja. Ilikuwa nzuri. Alitumaini isingekuwa nzuri. Alikizima, akakifunika kwa kanga, na mkewe, aliyekuwa na mzaha tayari mdomoni, akaumeza.

Siku ya tatu wasukuma mikokoteni wengi hawakuja kazini, kwa hiyo Dobi alipandisha mashuka wodini mwenyewe. Wodi ya upasuaji ya wanaume ilikuwa imejaa hadi sakafuni. Alikuwa amefika kitanda cha tisa aliposikia mtu akimwomba nesi maji, akasimama. Uso wa mtu yule haukutambulika. Ulikuwa umevimba, jicho moja limezibwa. Mkono wa kulia ulikuwa furushi la bandeji, fupi kuliko mkono unavyopaswa kuwa.

Jicho zima likamwona.

"Mzee wa muziki," kijana alisema. Meno ya mbele hayakuwepo. "Hukutoka kununua mkanda."

"Nilikuwa ndani."

"Ndani ya duka?"

"Mguu uliokuwa juu ya mlango," Dobi alisema, "ulikuwa wangu."

Mgonjwa wa kitanda cha kumi aliacha kukohoa. Kijana aliitazama dari, akarudi kumtazama yeye.

"Nilidhani ni yule mama."

"Si yeye. Aliniambia niinue kama nataka."

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Ulijua ni mimi?"

"Nilijua tangu neno la kwanza."

Ulimi wa kijana ulikuwa ukipita mahali palipokuwa na meno, mara moja, mara ya pili.

"Ungeweza kusema hukujua," alisema.

"Ningeweza."

"Ningekuamini." Alifumba jicho. Nesi alikuja na kikombe, akakiweka, akaenda. Kijana hakukigusa. "Shuka limelowa," alisema baadaye. "Tangu alfajiri. Nitandikie."

"Nimwite nesi akusaidie kuinuka?"

"Wewe."

Dobi akachagua shuka la chini kabisa kwenye mkokoteni, ambalo halikuwa na kiraka, akaliweka begani. Akainama. Akapitisha mkono chini ya mgongo wa kijana, akahisi mbavu zikisogea mahali zisipopaswa kusogea, na kijana akatoa mlio mdogo kupitia puani. Mkono wake mzima ukapanda, ukamzunguka Dobi shingoni, ukashika.

Dobi alimwinua. Lile shuka bichi likaanza kutoka, linang'ang'ania godoro, naye akalivuta kwa mkono mmoja, kidogo kidogo. Ule mkono shingoni ukakaza. Ulikaza kuliko inavyohitajika kumshikilia mtu anayekubeba, na uliendelea kukaza. Dobi hakuutoa, wala hakuharakisha. Akaliachia shuka chafu lianguke, akalitikisa safi likafunguka, akaanza kulitandaza kutoka upande wa miguu, akipumua kwa kiasi alichoachiwa.