Ukuta wa Banda la Gari

Sada binti Mfaume aliuchukia ule ukuta hata kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Mumewe, Yunusu, alikuwa mfanyabiashara wa ufuta na mbata pale Lindi mjini. Mwaka ule mradi wa karanga wa Nachingwea ulipovunjwa, alinunua pikapu kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Gari lilikuwa kuukuu, lakini Yunusu alilifuta kila asubuhi kwa kanga za mkewe, bila hata kuomba ruhusa. Akalijengea banda ubavuni mwa nyumba: nguzo nne za boriti, mabati juu, pande tatu wazi. Upande wa nne ulikuwa ukuta wa nyumba yenyewe, na katika ukuta huo ndimo lilimokuwa dirisha la chumba cha Bi Kijakazi, mama yake Sada. Bi Kijakazi miguu ilikuwa imemwisha nguvu, kutwa alikuwa kitandani. Dirishani hapo ndipo alipopata upepo, na habari za mtaa pia, maana hakuna aliyepita bila kumwamkia.

Siku moja tairi la akiba likaibwa. Yunusu alifoka tangu alfajiri hadi adhuhuri, kisha akasema atalizungushia banda ukuta na kulitia mlango wenye kufuli.

Aliitwa Leonadi, fundi Mmakonde, mtu mzima asiyependa maneno mengi. Alimwamkia Bi Kijakazi dirishani, akalizunguka banda mara mbili, akachomeka bisibisi katika shina la nguzo ya pembeni. Bisibisi ikazama hadi mpinini.

"Bwana Yunusu," alisema, "kazi hii inafanyika, ila si kama unavyotaka. Nguzo hii imeliwa na mchwa, ibadilishwe kwanza, maana mabati yameshikwa na nguzo. Ukuta uchimbiwe msingi, hapa ni mchanga mtupu. Juu tuache uwazi pande zote, upepo upite. Dirisha la Bibi lihamishiwe upande wa uani. Na gari lisiwashwe humu mlango ukiwa umefungwa, hata kidogo. Moshi wote utamfuata mgonjwa kitandani."

"Moshi?" Yunusu alicheka. "Jikoni kwangu kuna moshi kila siku, na hajafa mtu."

"Moshi wa kuni unakutoa machozi, nawe unatoka nje. Huu wa gari unakulaza. Nilifanya kazi karakana moja huko bara. Wenzangu wawili walifunga milango kwa sababu ya mvua, injini ikiunguruma. Tuliwakuta wamekaa, kama watu waliopumzika."

"Fundi, umekuja kujenga au kuhubiri? Kama ni mahubiri, kanisa liko kule."

 Leonadi alikusanya vifaa vyake, akaviweka begani.

"Sijengi," alisema, akaenda zake.

Sada alikuwa kasimama mlangoni, na aibu ya maneno yale ilimchoma kama ni yeye aliyetukanwa. "Baba Pazi, mwite arudi. Mwombe radhi."

"Nyumba hii nimeijenga mimi, Sada."

"Na anayelala nyuma ya dirisha hilo ni mama yangu. Basi mhamishie chumba cha mbele."

"Chumba cha mbele kina magunia ya ufuta. Mwezi ujao yataondoka, ndipo ahamie. Hilo dirisha nitalipiga mbao, moshi usipite. Umeridhika?"

Hakuridhika. Ila alinyamaza, na baadaye kunyamaza kule ndiko kulikomuuma kuliko yote.

Akaja fundi mwingine, mwepesi wa kusema ndiyo. Siku tano tu, kazi ikaisha. Mawe aliyapanga juu ya mchanga bila kuchimba hata shubiri moja, akaupandisha ukuta hadi ukagusa mabati. Ile nguzo mbovu ilimzuia njia, basi akaikata kwa msumeno na kuulaza mhimili wa paa juu ya mawe. Dirisha alilipiga mbao za masanduku ya chai, zenye mianya ya kupitisha kidole. Bi Kijakazi akabaki gizani mchana kweupe. Watu wakiamkia kutoka barabarani, sauti ilimfikia kama inatoka kisimani.

"Mwanangu," alimwambia Sada, "kaburini nitakwenda, lakini mbona mnanizoesha mapema?"

Sada alitoka akaenda jikoni, akatwanga kisamvu mpaka kikawa uji.

Mvua zikaanza. Asubuhi moja Yunusu aliwasha gari, likakohoa likazima, likakohoa tena. Lilipokubali, aliliacha liungurume lipate moto. Mvua ilikuwa ikipigwa na upepo hadi ndani ya banda, hivyo akauvuta mlango, akaufunga. Akaenda kukaa barazani na rafiki yake Salumu, wakinywa kahawa na kuzungumzia bei ya ufuta.

Sada alikuwa sokoni. Alirudi ameloa chapachapa, kapu la samaki kichwani, na kitu cha kwanza alichosikia ni ule mngurumo ukitoka nyuma ya ukuta. Alilitupa kapu hapohapo ukumbini.

"Mama!"

Chumbani hewa ilikuwa nzito, yenye harufu ya mafuta. Bi Kijakazi alikuwa amelala ubavu, kinywa wazi, matapishi juu ya mto. Sada alimtikisa, akamwita, akamtikisa tena. Kichwa cha kizee kilining'inia tu. Sada mwenyewe alianza kusikia kichwa kinagonga na magoti yanalegea. Akaushika mkeka wa mama yake, akautandaza sakafuni, akamteremshia hapo, akamburura kinyumenyume ukumbini mpaka uani, akamlaza chini ya mvua. Ndipo alipopiga ukelele uliowatoa majirani.

Salumu ndiye aliyekimbilia banda, akaufungua mlango, akaizima injini. Alitoka akikohoa, ameshika kuku wawili kwa miguu. Walikuwa wamekufa. Ndani mlikuwa na wengine wanne, wote wamelala chini ya gari walikojificha mvua.

Yunusu alisimama uani, uso umemparama. Na neno la kwanza alilolitoa lilikuwa hili: "Ni homa. Mvua hii inaleta homa."

Sada aliinua uso. "Na kuku?"

"Kideri."

 Sada alikuwa amekipakata kichwa cha mama yake, mvua inawapiga wote wawili, na hasira iliyompanda ilikuwa ya namna asiyopata kuijua, baridi, isiyotetemesha hata kidole.

Bi Kijakazi alifumbua macho karibu na adhuhuri, akaomba maji. Mganga wa hospitali alikuja, akausikiliza moyo wake, akasema alazwe penye upepo na asirudishwe chumba kile. Sada aliyatoa magunia ya ufuta chumba cha mbele mwenyewe, moja moja, akayaburura hadi ukumbini. 

Kesho yake asubuhi, Yunusu alipokwenda dukani, Sada alikwenda kwa jirani yake Mwahija.

"Niazime mtaimbo wa mumeo."

"Wa nini, shoga?"

"Nauvunja ukuta."

Mwahija hakuuliza la pili. Alimpa mtaimbo, kisha akajifunga kanga na kutoka mbio kwa Leonadi, kwa maana naye alijua ukuta hauvunjwi kwa hasira peke yake.

Sada alipiga pigo la kwanza, la pili, la tatu. Jiwe likachomoka, chokaa ikamwagika. Alikuwa akiinua mtaimbo tena alipomsikia Leonadi.

"Mama Pazi, simama! Toka hapo chini!" Leonadi alikuwa ameinua macho anaangalia paa. "Nguzo iko wapi? Wameikata! Mabati yote yamelalia jiwe hilo unalolipiga."

Sada alirudi nyuma. Juu yake mhimili ulikuwa umeanza kupinda. Leonadi aliomba boriti mbili kwa mume wa Mwahija, akazisimamisha chini ya mhimili, akazikaza kwa vipande vya mbao, akazitikisa kwa mikono yote miwili. Hazikusogea.

"Sasa piga," alisema. "Anza na mawe ya juu, ushuke. Usisimame chini ya bati."

Akapiga. Yunusu aliporudi mbio, ameletewa habari dukani, ukuta wa upande mzima ulikuwa umeshuka hadi kiunoni.

"Umerukwa na akili?"

"Bado. Nikirukwa utajua."

"Sada, ukitoa jiwe jingine nakuandikia talaka!"

 Sada alijifuta jasho kwa mkono mweupe wa chokaa.

"Iandike. Nikimaliza hapa nitakuja kuichukua." Akapiga, jiwe likaanguka. "Uliambiwa na fundi, ukamtukania dini yake. Nilikuomba mimi, ukanitajia magunia. Mama yangu amelazwa chini ya mvua kama samaki, ukasema homa. Iandike, Yunusu!"

 Leonadi alimgusa Yunusu mkono, akamwonyesha kigutu cha nguzo kilichokatwa. "Hili paa lilikuwa linangoja tu mtu aubamize mlango," alisema. "Pengine ungekuwa wewe."

Yunusu aliinama, akakigusa kigutu. Akaingia ndani. Talaka hakuiandika.

Gari likalala wazi, limefunikwa turubai. Leonadi aliweka nguzo mpya, akazing'oa mbao za dirisha. Sada alimpikia mumewe, akamtengea, akaondoka asile naye. Kwa wiki mbili hayakupita maneno kati yao ila ya haja.

Jioni moja Salumu alikuja barazani, na Sada, akiwa ukumbini na birika la kahawa, akamsikia mumewe anasema kwa sauti ya mtu mkubwa, "Niliona afadhali niuondoe tu ule ukuta. Ulikuwa unazuia upepo."

Alitoka. Alimimina vikombe viwili bila kumwaga hata tone.

"Ukuta niliuvunja mimi, shemeji Salumu," alisema. "Niliuvunja kwa kuwa ulitaka kumwua mama yangu, na mwenye nyumba alikuwa ameambiwa."

Salumu aliinamia kikombe chake. Yunusu aligeuza uso upande wa barabara. Sada hakuondoka. Alisimama na birika mkononi, akangoja.

"Ni kweli," Yunusu alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Niliambiwa."

"Kesho kamwambie Leonadi hivyohivyo," alisema Sada, akarudi ndani.