Mwavuli Uliotangulia

Daktari wa macho alikuwa anaondoka alasiri hiyo, na hakuna aliyejua angerudi lini. Kwa hiyo muuguzi alipoita, "Anayefuata!" nilisimama haraka, nikidhani wazee wangu wawili nao watasimama. Hawakusimama.

"Tangulia, mama," alisema baba mkubwa.

"Nikutangulie wewe? Tangulia mwenyewe," alijibu mkewe.

"Siwezi. Mimi ni wa pili."

"Wa pili ni mimi. Nenda, baba, watu wanasubiri."

Muuguzi akanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naona. Mwanamume aliyekuwa nyuma yetu akaomba radhi, akapita. Baada yake akapita bibi mmoja aliyekuwa akiongozwa na mjukuu wake. Benchi likaanza kuwa tupu.

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, ndiye aliyenilea. Ni fundi cherehani. Mumewe hutengeneza kufuli. Wote wawili walikuwa na mtoto wa jicho, na kazi zilikuwa zimeanza kuwashinda: mama mkubwa alimshonea mteja shati lenye mkono mahali pa kola, na baba mkubwa alijifungia ndani ya kibanda chake kwa kufuli aliyokuwa akiitengeneza, tukamtoa kwa kung'oa bati.

"Tulikutana umri wa kuzaa umeshatupita," mama mkubwa huwaambia watu. "Watoto tuliojaliwa ndio hawa wa machoni. Na watundu kweli!"

Walikutana kwenye ofisi ya maji. Yeye alikuwa hajawahi kuolewa, na alishaacha kuulizwa. Baba mkubwa alikuwa amefiwa na mke, na mvi zilishaanza. Bomba la baba mkubwa lilikuwa halitoi maji hata tone. La mama mkubwa lilikuwa halifungiki. Wakafika mlangoni kwa wakati mmoja, kabla dirisha halijafunguliwa, na kila mmoja, kwa adabu aliyolelewa nayo, akasimama nyuma ya mwenzake.

Jambo hili nimejaribu mara nyingi kulichora kwenye karatasi nikashindwa. Wanasema walizungukana kwa muda, halafu wakatulia bega kwa bega, mbele yao wameacha nafasi ya mtu wa kwanza. Watu wengine wakaja, wakajipanga nyuma yao. Hakuna aliyethubutu kuingia kwenye ile nafasi. Ilionekana wazi kuwa ina mwenyewe.

Karani akafungua dirisha. "Wa kwanza!"

Hakuna aliyesogea.

"Ametoka kidogo?"

"Hajafika," alijibu baba mkubwa.

"Basi tumsubiri," karani akasema, akarudi kwenye chai yake.

Foleni ilipofika barabarani, na watu wakaanza kumtukana huyo wa kwanza pamoja na waliomzaa, mama mkubwa aliona vibaya. Akauchukua mwavuli wake mweusi, akauegemeza ukutani penye ile nafasi. Karani akachungulia.

"Karibu. Shida yako nini?"

Mwavuli haukuwa na shida.

"Anayefuata!"

Wakasogea wote wawili. Karani akasikiliza habari za bomba lisilotoa na bomba lisilofungika, akakuna kichwa. "Sasa nyinyi si mgawane tu? Mnakuja kunisumbua mimi nina bomba gani hapa?"

Jioni ile baba mkubwa akaenda kwa mama mkubwa na ndoo. Mpaka leo hajarudi kwake, na ile ndoo tunafulia.

Tangu siku hiyo mwavuli hutangulia na wao hufuata, wote wa pili. Siku ya ndoa yao ulipewa mkono wa pongezi kabla yao. Nilikua nikidhani kila nyumba ina mwavuli wake wa kuingia kwanza, na nilipoanza kutembelea wenzangu wa shule niliwaonea huruma.

Lakini asubuhi hiyo mlinzi wa lango la hospitali alikuwa ameuzuia. Miavuli inalowesha sakafu ya wodi, alisema. Mama mkubwa alimkabidhi kama anayemwacha mtoto kwa jirani asiyemjua.

Nilichuchumaa mbele yake. "Mama, jifanye tu kwamba mwavuli upo hapa."

"Kujifanya? Chuo kikuu ndiyo walikufundisha hayo?" Kisha akanivuta sikio karibu na mdomo wake. "Sikiliza. Macho yetu yamefifia pamoja, polepole. Akifunguliwa yeye kwanza, ataniona nilivyozeeka, yuko peke yake. Nikifunguliwa mimi kwanza, nitamwona yeye, na nitakuwa peke yangu. Hatujawahi kuachana nyuma hivyo."

Nilikimbia langoni. Mvua ilikuwa inanyesha, na zamu ilikuwa imebadilika.

"Ule mweusi? Mwenzangu ameondoka nao," alisema mlinzi mpya. "Ulitaka alowane?"

Kwenye kikapu cha vitu vilivyosahaulika palikuwa na mwavuli mmoja tu, wa mtoto, wa njano, umejaa picha za bata. Nikaukunja vizuri mno, nikarudi nao mbio.

Mama mkubwa akaupapasa. "Mbona mpini umekuwa mfupi?"

"Ni baridi, mama."

"Hata mimi imenipunguza," alisema baba mkubwa.

Daktari alitoka, ameshaanza kuangalia saa. "Waliobaki ni nani?"

"Sisi wa pili," walijibu pamoja.

"Na wa kwanza?"

Nikainua mwavuli. Daktari akautazama, akanitazama. Sijui aliona nini usoni kwangu. Aliupokea kwa mikono miwili, akauketisha kwenye kiti cha wagonjwa, akainama.

"Tazama juu. Tazama chini. Safi kabisa, huyu mzima. Anayefuata!"

Wakaingia wameshikana mikono. Vitanda vya upasuaji vilikuwa viwili, nyuso zikafunikwa, na daktari akawaapia kwamba hatamwambia mtu yeyote alianza na nani.

Kesho yake asubuhi, muuguzi alinipa bendeji ya mama mkubwa niivute mimi, naye akashika ya baba mkubwa. Tukavuta kwa pamoja.

Wakatazamana. Baba mkubwa alisogea, akasogea tena, mpaka pua zikakaribia kugusana.

"Nilidhani uso wako umeingia makunyanzi ya ukungu," alisema. "Kumbe ukungu ulikuwa wangu."

"Na makunyanzi?"

"Makunyanzi yako pale pale. Mazuri tu."

"Mwongo mkubwa wewe! Na hizo nywele umezipeleka wapi?" Alikuwa anacheka, analia, na muuguzi anamkataza vyote viwili.

Halafu mama mkubwa akanyoosha mkono kuchukua mwavuli. Akauona. Akaufungua polepole, bata wote wakatoka. Nilitazama ndala zangu.

"Huyu si wa kwanza wetu," alisema.

Wakautazama wote wawili. Niliogopa kwamba wangetaka warudishiwe mtoto wa jicho.

"Basi, mwenzangu," alimuuliza mumewe taratibu, "jana alitangulia nani?"

Baba mkubwa akauchukua, akaukagua kwa jicho lake jipya, bata mmoja mmoja.

"Hawa," alisema. "Sisi tumekuwa wa mwisho kabisa."

Mama mkubwa akamshika mkono, akausogelea mlango, akaniashiria niwatangulize bata.